Kabati la Marehemu Lina Bei Gani?

Ukitaja Chanika ukiwa Dar es Salaam, karibu kila mtu atafikiria ile ya Ilala, mbele ya Pugu. Ninayoizungumzia iko Uzigua, mkoani Tanga. Ni kata iliyobeba mji wa Handeni, yenye soko, stendi na maduka, hata watu wa vijiji vya jirani wakisema wanakwenda Chanika wanamaanisha wanakwenda mjini. Njia za lami za kuifikia ni mbili. Moja huchepuka kutoka barabara kuu ya Chalinze na Segera pale Mkata, kilomita 54 hivi. Nyingine hutoka Korogwe, kilomita 65 hivi. Nilipita Korogwe kwa makusudi, maana vyombo nilivyokuwa nakwenda kuvitazama vilitoka huko, na bei ya kitu cha zamani ni vigumu kuijua kama hujui kilitengenezwa wapi, kwa mbao gani na kwa mkono wa namna gani.

Safari ilitokana na msiba. Shangazi wa rafiki yangu alikuwa ametoka eda. Mumewe alifanya kazi reli pale Korogwe, akastaafu, akarudi kwao Chanika na lori zima la vyombo. Aliacha nyumba, shamba, na vyombo hivyo. Nyumba na shamba havikuwa na mjadala. Vyombo ndivyo vilivyoleta maneno, kwa sababu dalali alikwisha kupita. Alisimama mlangoni mwa sebule, akazungusha macho, akasema atatoa shilingi 450,000 kwa vyote, na atabeba siku hiyo hiyo. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alikuwa tayari kupokea. Shangazi hakupinga. Aliomba jambo moja tu: mtu anayejua mbao avitazame kwanza. Rafiki yangu akanikumbuka. Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye karakana ya babu yangu, na mpaka leo nikikaribishwa nyumba ya mtu, macho hukimbilia miguu ya meza kabla hayajafika kwenye picha za ukutani.

Korogwe na vitongoji vyake ni ghala la fenicha za mbao ngumu ambalo halijulikani sana. Sababu ni mbili, reli na mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, enzi za Wajerumani. Mkonge ulioletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf ukaenea kando ya reli hiyo: Hale, Magunga, Ngombezi, Mazinde. Mwaka 1964, nchi ilipovuna zaidi ya tani 230,000 za mkonge, mashamba haya yalikuwa na nyumba za mameneja zenye meza za kulia watu kumi, makabati ya vyombo, vitanda vizito na viti vya barazani vya kujilaza. Stesheni zilikuwa na meza, mabenchi na makabati yao. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi yakataifishwa. Zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka. Vyombo vya nyumba zile vikaanza kuhama mikono. Na mafundi wa mitaani, waliokuwa wakiitwa kuvikarabati, walijifunza umbo lake wakaanza kuwatengenezea makarani, walimu na watu wa reli vyombo vya aina hiyo hiyo. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya mzee mstaafu ukanda huu, usishangae kukuta kabati ambalo duka la Dar es Salaam lingeliweka dirishani.

Nilishuka Korogwe, nikatembea Manundu kwa mafundi. Nilikuwa na shabaha moja. Anayetaka kujua bei ya kabati la zamani aanze kwa kuuliza bei ya kabati jipya. Vitanda vilikuwa vimepangwa kando ya barabara, vimepigwa vanishi inayong'aa mpaka inaumiza macho. Vingi vilikuwa vya msonobari. Vya mtiki vilikuwepo, maana Longuza, kule Muheza, kuna msitu wa kupandwa wa mtiki wa tangu zamani. Nilipouliza mninga, fundi wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili akasema ni wa kuagiza, utoke Tabora au Mpanda, nilipe kwanza. Wa tatu alinionyesha mbao mbili alizokuwa amezificha nyuma ya karakana, nyembamba, zenye upana wa kiganja. Akanitajia bei ya kabati la milango miwili kwa mninga, na alipoitaja aliangalia pembeni, kwa sababu alijua sitaagiza.

Hilo lilinitosha. Nikapanda Kosta ya Handeni.

Barabara inakatiza nchi ya ardhi nyekundu na vichaka, inapita Sindeni na Misima. Kando yake magunia ya mkaa yamesimama mawili matatu, midomo imefungwa kwa nyasi, yakingoja malori. Kila nikiyaona nafikiria mbao. Mninga ni mti wa miombo. Hukua taratibu sana, miongo mingi kabla haujafaa kupasuliwa, na msumeno na tanuri havina subira hiyo. Mninga uliokatwa miaka ya 1960 ukatengenezwa kabati umeponea ndani ya nyumba za watu. Akiba ya mbao ngumu ya Handeni na Korogwe sehemu yake iko sebuleni, imefunikwa vitambaa vya kufuma.

Nyumbani kwa Shangazi tulipokelewa kwa uji na mihogo. Baada ya shikamoo, pole na habari za njiani, alinyanyuka mwenyewe akafungua madirisha yote ya sebule. "Mwanangu, kitu cha kutazamwa kitazamwe kwenye mwanga," akasema. Akatuma mtoto amwite fundi wa jirani, mzee ambaye randa yake sasa inatumiwa na wajukuu, ili tuwe macho mawili tofauti. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Mtathmini mmoja anaweza kupendelea. Wawili wasiojuana watabishana, na katika ubishi wao bei itajitokeza.

Kabati la vyombo lilikuwa limesimama ukuta wa mashariki, refu kunipita, milango ya vioo juu, milango ya mbao chini, droo mbili katikati. Lilikuwa jeusi. Moshi wa chemli na vanishi za miaka mingi vilikuwa vimelifunika kiasi kwamba mtu angeweza kusema ni mbao yoyote. Tuliondoa vyombo, tukalivuta kutoka ukutani, tukalilaza juu ya mkeka. Hapo ndipo kazi huanza, kwa sababu uso wa kabati hutengenezwa ili upendeze, lakini mgongo na tumbo havimdanganyi mtu. Nililowesha kitambaa, nikasugua upande wa ndani wa mlango wa chini, mahali ambapo vanishi haikufika. Ikajitokeza rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, yenye michirizi ya dhahabu. Mzee fundi akapiga magoti, akanusa, akasema neno moja: "Mninga." Nikatazama mgongo. Siku hizi mgongo wa kabati ni plaiwudi iliyopigiwa misumari. Huu ulikuwa mbao tupu, mninga ule ule, zimepandana kingo ili zikivimba na kunywea kwa majira zisipasuke.

Tukavuta droo. Pembe zake zilikuwa zimekatwa meno yanayoingiliana, upande mmoja ukishika mwingine bila msumari hata mmoja. Meno hayakuwa sawa, moja nene kidogo, lingine jembamba, na chini yake ulionekana mstari mwembamba wa kisu ambao fundi aliuchora kabla ya kushika patasi. Mashine haichori mstari huo. Nilikaa na droo ile mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwani mtu aliyeikata alijua kwamba sehemu hiyo haitaonwa na mgeni yeyote, na bado akaifanya vizuri.

Bawaba zilikuwa za rangi ya shaba. Rangi peke yake haitoshi. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, naibeba kila niendapo kazi ya namna hii. Shaba halisi haivutwi na sumaku, chuma kilichopakwa rangi huvutwa. Sumaku ikadondoka. Shaba.

Kasoro zilikuwepo, na mtathmini mwaminifu huzisema mbele ya mwenye mali. Kioo kimoja kilikuwa kimebadilishwa, kipya ni chembamba kuliko cha zamani. Rafu ya chini ilikuwa na matundu ya dumuzi kwenye ukingo. Hapa watu wengi huogopa wakakimbia, au dalali huyatumia kushusha bei mpaka chini. Mninga una sehemu mbili: kiini, chenye rangi, ambacho wadudu hawakipendi, na ile sehemu nyeupe ya nje, karibu na gome, ambayo dumuzi huila kwa raha. Fundi wa kabati hili alibakiza kipande cha weupe kwenye ukingo mmoja, na dumuzi wakala hapo hapo. Nilichomeka sindano kwenye matundu, ikaingia kidogo ikagoma. Nikagonga rafu juu ya karatasi nyeupe. Hakukudondoka unga mpya. Maana yake wadudu walikwisha zamani, na rafu nzima ni salama isipokuwa upana wa kidole.

Kilichomsimamisha mzee fundi ni jambo ambalo mimi nililiona baadaye kidogo. Alitandaza viganja vyake juu ya rafu, kimoja baada ya kingine, kutoka ukingo hadi ukingo. Ubao mmoja, bila kiungo, upana futi moja na nusu. "Mti wa ubao huu," akasema, "leo utautafuta kwa siku ngapi?" Mbao mbili za kiganja nilizofichuliwa Manundu zilinijia akilini. Upana wa ubao mmoja ni cheti cha umri, na ni sehemu kubwa ya bei, kwa sababu leo fundi hulazimika kuunganisha vipande vitatu kupata rafu kama hiyo.

Meza ya kulia nayo ilikuwa na hadithi yake chini. Tuliipindua. Kwenye ubao wa ndani kulikuwa na mhuri uliochomwa kwa chuma cha moto: EAR&H, na namba. Hayo ni mashirika ya reli na bandari ya Afrika Mashariki yaliyounganishwa mwaka 1948, yakatenganishwa mwaka 1969, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe haijavunjika mwaka 1977. Mhuri huo unakupa umri wa meza bila kumuuliza mtu, na mbao ilikuwa mvule, ule ambao huanza na manjano ukazidi kukolea kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Wapo wanaonunua vitu vyenye mihuri ya namna hii kwa sababu ya mhuri wenyewe. Lakini mhuri huo huo huzua swali: mali ya shirika la umma ilifikaje sebuleni? Nilimuuliza Shangazi kwa adabu. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki, ndani yake risiti ya mauzo ya vifaa chakavu yenye jina la marehemu. Karatasi ile, iliyokunjika na kuwa laini kama kitambaa, iliongeza thamani ya meza kuliko vanishi yoyote. Bila karatasi, mnunuzi makini huogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa kuwa kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai hata kama umeilipia.

Tukafika kwenye kasha. Kasha lilikuwa la misumari ya shaba iliyopangwa maua, na mtoto mkubwa alituambia ni la enzi za Sultani, limerithiwa kutoka kwa babu aliyefanya biashara na misafara ya Pangani. Hadithi hiyo haikuwa ya ajabu. Misafara ya karne ya 19 ilikatiza Uzigua ikitokea Pangani na Saadani, na makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India kwa mtiki yakaletwa kwa majahazi. Kasha la kweli la wakati ule ni mali kubwa. Basi nikalilaza chali. Sakafu yake ilikuwa plaiwudi. Bawaba zilishikwa kwa skrubu za nyota, zile zenye msalaba kichwani, ambazo ziliingia viwandani Marekani katika miaka ya 1930. Skrubu peke yake ingeweza kuwa ya matengenezo. Plaiwudi nayo ingeweza kuwa ya matengenezo. Lakini tundu la skrubu lilikuwa moja tu, halikuwa na tundu la zamani lililozibwa pembeni, na pembe za chini hazikuwa na ulaini ule unaoletwa na kusukumwasukumwa sakafuni vizazi na vizazi.

Nilianza kulieleza hilo polepole, kwa kuchagua maneno. Shangazi akanikatiza. "Hilo kasha nimelinunua mimi mwenyewe Tanga, kwa pesa yangu ya mikeka. Huyu alikuwa mdogo, hakumbuki."

Sebule ikanyamaza kidogo, kisha msimamizi akacheka na kumwomba mama radhi. Neno la Shangazi lilimaliza suala la umri, na likafungua kubwa zaidi. Kama kasha alilinunua kwa fedha zake, basi halimo katika mirathi kabisa. Ni lake, haligawanywi. Dalali alikuwa amelihesabu ndani ya zile 450,000, na msimamizi vilevile. Ni mara ngapi vitanda, mashine za kushonea na masanduku ambayo wanawake walikuja nayo au waliyanunua kwa jasho lao yamegawanywa pamoja na mali ya marehemu, kwa sababu hakuna aliyeuliza? Tulipita chumba kwa chumba tukimuuliza Shangazi habari ya kila kitu kabla ya kukigusa, na orodha ikabadilika.

Kwa nini nang'ang'ania orodha? Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne. Katika nyingi nilizopata kuziona, nyumba imeandikwa, shamba limeandikwa, pikipiki imeandikwa, halafu mstari mmoja: "vyombo vya ndani", na kiasi cha kukisia. Mstari huo mmoja ndio mlango wa hasara. Familia hii ni Waislamu, na mke mwenye watoto hupata thumni, sehemu moja kwa nane. Thumni ya shilingi 450,000 ni shilingi 56,250. Kwa mjane, makosa ya mtu aliyesimama mlangoni akazungusha macho huishia hapo, kwenye fedha zinazomfikia mkononi.

Sofa ndiyo iliyokuwa imempendeza dalali. Nyekundu, kubwa, ilinunuliwa na watoto siku za karibuni kumheshimu mzee, na kwa bei waliyoitaja ingetosha kununua viti vyote vya mvule vya chumba kile mara mbili. Tuliipasua kitambaa cha chini kwa ruhusa. Fremu ilikuwa msonobari mwembamba uliopigiwa misumari, na sponji ilikwisha kukaa upande mmoja. Chombo cha namna hii hupoteza bei tangu siku kinapotoka dukani, na hakiongezi tena. Kimeza cha televisheni cha chipubodi kilikuwa kimevimba miguu kwa maji ya kudeki. Hicho tukasema apewe jirani anayekihitaji. Meza ndogo ya formaika, iliyokuwa fahari ya miaka ya 1970, haina mnunuzi Chanika. Uzee peke yake haulipi. Hata Uingereza, ambako watu waliamini makabati ya kahawia ya bibi zao ni akiba ya benki, bei ziliporomoka tangu miaka ya 2000 kwa sababu nyumba zimekuwa ndogo na macho ya vijana yamehamia kwenye vitu vyepesi. Huku kwetu kinacholinda bei ya zamani ni mbao. Mbao ikiwa dhaifu, umri ni mzigo.

Vitanda vilikuwa vitatu. Viwili vya mninga, vya kawaida, imara. Kitanda hukaguliwa kwa namna yake. Unafungua mifumbati kutoka kwenye matendegu, unatazama tundu inamoingia, maana humo ndimo kunguni hukaa, na kitanda chenye kunguni hakina bei mpaka kitibiwe. Harufu kali ya mafuta ya taa kwenye tundu ni ishara kwamba mtu amejaribu kuwaua juzijuzi, uulize. Vya Shangazi vilikuwa safi. Cha tatu kilikuwa kitanda cha kamba, teremka-tukaze kama wengine wanavyokiita, matendegu ya mkongo yaliyochongwa kwa tezo na kamba za katani za mkonge wa Korogwe zilizosukwa kwa mkono. Sokoni hakingefika mbali. Shangazi aliweka mkono juu ya kitakizo akasema hicho hakitoki. Hakikuandikwa bei.

Jioni tulikaa barazani, mimi, fundi, rafiki yangu, msimamizi na Shangazi, tukapanga bei. Njia yetu ilikuwa hii. Tunaanza na gharama ya kutengeneza chombo kama hicho leo, kwa mbao hiyo hiyo, bei ya Korogwe. Tunapunguza matengenezo: kioo, ukingo wa rafu, kukwangua vanishi. Tunapunguza usafiri, kwa sababu wanunuzi wengi wa mninga wa zamani wako Tanga, Arusha na Dar es Salaam, na kabati zito halisafiri bure. Tunapunguza faida ya anayenunua ili auze, kwani naye anakula. Kinachobaki ndiyo bei ya Chanika. Fundi alikuwa mkali kuliko mimi kwenye matengenezo, nami nilikuwa mkali kwenye usafiri. Tulifika hapa: kabati 420,000, meza ya reli na risiti yake 260,000, vitanda viwili 240,000, viti sita vya mvule 180,000, sofa 100,000. Jumla shilingi 1,200,000, bila kasha wala kitanda cha kamba. Thumni yake ni 150,000.

Dalali alirudi asubuhi. Simwiti mwizi. Anafanya kazi ngumu: anatoa fedha taslimu siku mtu anapozihitaji, anabeba, anahifadhi, na kikiwa kibovu hasara ni yake. Lakini bei yake ni bei ya mtu anayejikinga na asichokijua, na hakuwa amefungua droo hata moja. Tulipomwonyesha pembe za droo, ubao mpana na risiti, alibadilika. Alichukua sofa na viti kwa bei ya karibu sana na yetu. Meza alitaka kuifikiria. Kabati hakulipata, kwa kuwa binti wa marehemu aliyeolewa Korogwe alisema atalichukua yeye kwa 420,000, zikatwe kwenye fungu lake. Jambo hilo lisingewezekana kabisa kama kabati lingebaki ndani ya mstari wa "vyombo vya ndani". Chombo chenye bei yake kinaweza kurithiwa kama chombo. Kisicho na bei huuzwa na lundo.

Kuna mambo mawili ya sheria ambayo watu wa Handeni na Korogwe wayajue. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Mgeni akija na fedha za kuvutia kwa ajili ya mlango wa babu, fikeni kwanza ofisi ya mambo ya kale. Na anayesafirisha samani za mbao ngumu kwenda mkoa mwingine aulize ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu karatasi zinazohitajika kabla ya kupakia, awe pia na maandishi ya mauziano yaliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa.

Kwa wasimamizi wa mirathi nina ombi. Vyombo vya ndani viandikwe kimoja kimoja: jina lake, mbao yake, kasoro zake, na bei aliyoikubali fundi asiyenunua. Mjane aulizwe kwanza kipi ni chake. Na dalali akija siku ya arobaini na fedha mkononi, apewe chai, aambiwe arudi baada ya kabati kuvutwa kutoka ukutani na kulazwa kwenye mwanga.